Kampeni ya miezi sita, meza ya watu watano: tuchukue ulimwengu upi uliochapishwa?

#1 Kaskazi_Mvita

Salaam wadau. Kampeni mpya (hadithi ndefu ya vikao vingi ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) yaja: Dungeons & Dragons toleo la tano, wachezaji watano na mwendeshaji mmoja, yaani msimulizi na mwamuzi, Jumamosi baada ya isha, saa tatu kasorobo hadi saa sita kamili za usiku, kila wiki mbili. Wawili wavuka feri ya Likoni, kwa hivyo hakuna cha "ngojeni dakika kumi tu". Miezi sita, yaani vikao 13. Mezani twasema Kiswahili, karatasi za wahusika ni za Kiingereza.

Dai langu, mwenye kulipinga na alipinge: kwa meza kama hii Forgotten Realms ndio ulimwengu mbaya kuliko yote, na ndio kila mtu aukimbiliao. Historia imefurika. Mwaka 1358 wa hesabu yao miungu yatupwa duniani, 1385 janga la uchawi lararua ramani, karne moja baadaye ramani yarudishwa karibu ilivyokuwa. Akiweko mchezaji mmoja aliyesoma riwaya zao, mwendeshaji atasahihishwa kila sentensi ya pili. Mwatumia nini badala yake?

#2 Fundi_wa_Dadu

Yakhe, umevaa kilemba kabla ya kanzu. Piga hesabu kwanza. Vikao 13 vya saa tatu na robo ni saa 42. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 chapendekeza kikao kimoja kwa ngazi (daraja la uwezo wa mhusika) ya 1, kimoja kwa ngazi ya 2, viwili kwa ngazi ya 3, kisha viwili au vitatu kwa kila ngazi, na hapo kikao ni cha saa nne. Saa zenu 42 ni vikao kumi na nusu vya namna hiyo. Mtaishia ngazi ya 6, mkiharakisha ya 7.

Kwa hivyo tafuta kisa kinachokwisha ngazi ya 6, halafu ulimwengu utakuja wenyewe na kisa chake. Lost Mine of Phandelver: ngazi 1 hadi 5, kinawaenea. Tomb of Annihilation: 1 hadi 11, mtakiacha njiani. Curse of Strahd: 3 hadi 10, vilevile.

#3 BintiTudor

Sahihisho kwa #2: Curse of Strahd ni 1 hadi 10. Mwisho wa kitabu pana nyumba ya mauti iliyowekwa makusudi kuwapandisha wageni hadi ngazi ya 3. Ila iangalieni vizuri, nyumba ile inaua. Chini kabisa kuna jitu la takataka ambalo wachezaji wa ngazi ya 2 hulipiga ana kwa ana wakafa wote, na kumbe yafaa wakimbie tu.

Na Barovia, nchi ya kisa hicho, ina sifa ambayo hamjaitaja: ni ndogo. Ukungu umeizunguka, hakuna kutoka. Mwendeshaji hahitaji kujua kilichoko nje kwa sababu hakuna nje. Hayo yamjibu Kaskazi kuliko hesabu za ngazi.

#4 Ramani_Zangu

Ulimwengu wa Greyhawk, na maneno yaishe. Kijitabu cha kwanza cha 1980 kina kurasa 32 na ramani mbili, basi. Kila nchi imepewa aya chache: nani atawala, ana askari wangapi, adui wake nani. Ulichonacho ni mifupa, nyama unatia mwenyewe. Linganisha na kitabu cha Forgotten Realms cha 2001 chenye kurasa 320. Ramani imegawanywa kwa pembesita (vijumba vya pembe sita) za maili 24, unahesabu safari kwa kidole.

#5 Changamwe_20

Maili 30, Ramani, si 24. Hizo 24 ni za ulimwengu mwingine, wa Mystara. Jina lako na kosa lenyewe, makubwa.

Na si mchezo tofauti hiyo. Maili 30 ni kilomita 48. Mwendo wa kawaida kwa miguu ni maili 24 kwa siku, kama kilomita 39. Kwa hivyo pembesita moja ni zaidi ya siku moja. Kutoka hapa hadi Malindi ni pembesita mbili na nusu, siku tatu na kitu, mkiwa mna barabara. Msitu nusu mwendo. Ukisoma ramani kwa maili 24 kila pembesita yawa siku moja kamili, na wachezaji watafika kila mahali mapema.

#6 Ramani_Zangu

Nimekubali, 30. Shukran. Hoja yangu ya mifupa ingali imesimama.

#7 Mwana_wa_Kibokoni

Mimi naona nyote mmeruka jambo moja kubwa: lugha. Kaskazi amesema wacheza kwa Kiswahili. Haya, *wizard* mwamwitaje? Ukisema mchawi, kwetu hakuna mchawi mwema. Bibi yuko ukumbini, amsikia mjukuu wake chumbani "mimi ni mchawi wa ngazi ya tatu", kampeni imekwisha usiku huohuo.

Msamiati unaofanya kazi: mnajimu kwa mwenye kusoma vitabu, na yale afanyayo ni talasimu. Malenga kwa mwenye kutumia nyimbo, hilo halina ubishi. Mganga wa miti shamba kwa yule wa msituni. Mwenye mkataba na kiumbe kingine, hapo ndipo pagumu, maana neno litakalokuja lenyewe ni "ana jini", na kila mtu mezani ana mjomba mwenye kisa.

Kwa hivyo ulimwengu uchaguliwe kwa maneno yake. Ulimwengu wa Eberron una mashine, gari la moshi la radi, nyumba za biashara, magazeti, mapelelezi. Yote yana Kiswahili tayari. Forgotten Realms ina majina yenye koma juu katikati ambayo hata Waingereza hawakubaliani namna ya kuyatamka.

#8 LikoniFeri

Na wale wenye masikio marefu, *elf* kwa Kiingereza? "Elfu watatu wametokea msituni." Mchezaji: "ELFU TATU? Tukimbieni!"

#9 BintiTudor

😂 Jibu ni ngeli: elfu *wa*tatu ni watu, elfu *ta*tu ni idadi. Mwenye kusikia vibaya apoteze zamu.

#10 Mpiga_Kete

Eberron iliyotajwa #7 naiunga mkono, na sababu zangu ni za kiufundi. Keith Baker alishinda shindano la 2002 lenye maingizo zaidi ya elfu kumi na moja (elfu, #8, si wale), kitabu kikatoka 2004. Tangu hapo saa ya ulimwengu ule haijasogea: vita viliisha 998, na kila kampeni inaanzia hapohapo. Vitabu vipya havibadilishi kilichotokea. Kwa hivyo hakuna mtu atakayekuja na "lakini kwenye riwaya ya juzi mfalme amekufa". Ugonjwa aliousema Kaskazi haupo. Nyumba, yaani koo, 12 za alama za joka (alama za kichawi mwilini), kila moja na biashara yake, tayari una waajiri 12.

#11 Changamwe_20

Mbili hapo. Mkataba wa Thronehold uliomaliza vita ulitiwa sahihi 996. Mchezo ndio unaanza 998. Miaka hiyo miwili ina kazi yake, majeraha bado mabichi lakini mipaka imefunguliwa. Na alama ni 12 ila nyumba ni 13, kwa sababu alama ya kivuli imegawanywa kwa nyumba mbili zilizogombana, Phiarlan na Thuranni. Ukimweka mpelelezi wa moja amchunguze wa pili una vikao vitatu bila kufungua kitabu.

#12 Mpiga_Kete

Sawa mwalimu. Nyumba 13.

#13 Fundi_wa_Dadu

Eberron ina kasoro yake pia msiipambe. Kitabu cha 2019 kina kurasa 320. Mchezaji mgeni anakabidhiwa mambo mengi kwa mpigo: mataifa matano, moja limeangamia, watu wa chuma walioundwa vitani, dini ambazo miungu yake haionekani, majoka yasiyofuata rangi. Mwendeshaji akianza kueleza hayo yote saa tatu kasorobo, dadu la kwanza litarushwa saa nne na nusu.

Dawa: mji mmoja, Sharn. Na ndani ya Sharn, mtaa mmoja. Waambie mambo matatu tu: vita vimekwisha juzi, minara ni mirefu na maskini wanaishi chini, taifa la Cyre limekufa siku moja na hakuna ajuaye kwa nini. Wachapishaji wenyewe hawajaandika sababu, makusudi, ili kila meza ijichagulie.

#14 Bi_Ramani

Nyongeza kwa #7 kuhusu dini, maana wengi wanaiona haya kuitaja. Kuna wachezaji ambao hawataki kutamka "naomba kwa mungu wangu fulani" hata kwa mchezo, na ni haki yao. Malimwengu hayako sawa hapo. Forgotten Realms miungu inatembea barabarani, huwezi kuikwepa, hadithi nzima imejengwa juu yao. Eberron nguvu za kasisi hutoka kwenye imani yenyewe, hakuna mungu anayejitokeza. Dark Sun haina miungu kabisa, makuhani wanatumikia moto, maji, udongo na hewa. Hiyo tofauti itawaamulia watu wawili watatu mezani kabla hata ya ramani kufunguliwa. Ulizeni kikao cha sifuri, kile cha maandalizi kabla ya mchezo, kwa faragha, mmoja mmoja. Mtu hatasema mbele ya wote.

#15 Mwana_wa_Kibokoni

Bi, umesema kweli. Kwa hoja hiyohiyo watu humpendekezea mtu wa pwani ulimwengu wa Al-Qadim, ya Jeff Grubb, 1992: mabaharia, masoko, jangwa, majini, na juu ya yote majaaliwa. Wanadhani ni nyumbani kwetu. Mimi nasema ni karibu mno na si karibu vya kutosha. Mchezaji wa Mombasa ana habari zake kamili za majini, na haziafikiani na kitabu. Nusu ya meza itasahihisha, nusu nyingine itasema "tuyaache hayo usiku huu".

Na mle kuna *sha'ir*, mnajimu anayemtuma jini mdogo amletee talasimu. Shā'ir kwa Kiarabu ni mtunzi wa mashairi! Basi Muyaka bin Haji alikuwa akituma majini yamletee vina.

#16 LikoniFeri

Kwa vile vina vya Muyaka, sikatai.

#17 Jahazi_Kuu

Dark Sun imetajwa #14 nikaja mbio. Ya 1991, chuma ni adimu, sarafu ni za kauri, wahusika wanaanza ngazi ya 3 kwa sababu wa ngazi ya 1 hafiki jioni. Kitabu kamili cha mwisho ni cha toleo la nne, 2010, kwa hivyo kwa toleo la tano mtafanya kazi ya kuhamisha wenyewe. Na kazi hiyo inaanzia kwenye maji.

Sheria ya toleo la tano: galoni moja kwa mtu kwa siku, mbili kukiwa na joto kali. Wahusika watano ni galoni 10, lita 38. Fikirieni madumu mawili ya muuza maji wa mkokoteni, kila siku. Kiriba kimoja ni nusu galoni na kikijaa kina uzito wa ratili 5. Kwa joto lile kila kichwa kinahitaji viriba vinne kwa siku, kilo 9. Safari ya siku tatu ni kilo 27 za maji mgongoni kabla ya silaha. Hapo mchezo umeshakuwa mtamu bila jini wala joka.

Kinachoharibu: talasimu ya ngazi ya kwanza ya kuumba maji inatoa galoni 10. Kumi! Hesabu yote ya juu imekufa kwa mkupuo mmoja. Iondoeni au ipunguzwe iwe galoni moja. Matunda ya kichawi ya mganga wa msituni yanalisha watu kumi kwa siku, nayo iondoeni. Na yule mhusika aliyekulia porini, kipaji chake kinapata chakula na maji ya watu sita, kiondoeni pia.

#18 Changamwe_20

Hicho cha mwisho hakina haja ya kuondolewa, Jahazi. Soma sentensi hadi mwisho: kinafanya kazi *mradi nchi yenyewe inavyo* matunda, wanyama na maji. Jangwani mwendeshaji asema hakuna, sheria haijavunjwa. Ukianza kukata vipaji mezani watu wananuna.

#19 Jahazi_Kuu

Kwenye karatasi ni kweli. Mezani mchezaji aliyechukua kipaji halafu akaambiwa "hapa hakuna" vikao 13 mfululizo atanuna zaidi. Afadhali ajue mapema achague kingine.

#20 Bi_Ramani

Mbona hakuna aliyetaja za Kiafrika? Zipo. Nyambe ya 2002, kampuni ya Atlas Games, kwa toleo la tatu. Spears of the Dawn ya Kevin Crawford, 2013, mfumo wa kizamani mwepesi. Upande wa Pathfinder, mchezo mwingine wa namna hii, ulimwengu wake Golarion una kitabu kizima cha The Mwangi Expanse, 2021, na kuna chuo cha Magaambya kilichoanzishwa na Jatembe. Kisa cha Strength of Thousands kinawafanya wachezaji kuwa wanafunzi wa chuo hicho.

Sheria zote za Pathfinder ziko bure kwenye intaneti, kihalali, katika Archives of Nethys. Na kalenda haina kazi: chukua mwaka wetu ongeza 2700. 2025 ni 4725.

#21 Fundi_wa_Dadu

Strength of Thousands ni vitabu sita, ngazi 1 hadi 20. Kwa saa 42 mtamaliza cha kwanza na kuchungulia cha pili. Rudi #2.

Na Golarion kwa jumla ni duka la jumla: kaunta hii majoka, ile mashetani, pembeni meli iliyoanguka kutoka angani na roboti zake, nchi ya piramidi mkabala. Kila nchi nzuri peke yake. Uliza tu nchi mbili jirani zafanya biashara gani, uone mwendeshaji anavyokohoa.

#22 BintiTudor

Kila mpaka ukihojiwa hivyo hakuna ulimwengu utakaosimama, kaka. Ukikaa ndani ya Mwangi humuoni roboti.

Kwa Chult ya Tomb of Annihilation nina neno. Bandari ya Nyanzaru ni nzuri: wafanyabiashara wakuu saba wameshika mji, kila mmoja na bidhaa zake, mbio za dinosaria mitaani. Tatizo ni kisa. Msitu umechorwa kwa pembesita za maili 10, mtu kwa miguu hupita moja kwa siku, kwa mtumbwi mbili, na unatarajiwa kuuzunguka polepole. Wakati huohuo kuna laana inayowamaliza waliowahi kufufuliwa, siku kwa siku. Sasa mchezaji mwenye akili atazunguka msituni kwa raha gani na huku mwenyeji wake aliyemtuma anakufa? Ama mpunguze kasi ya laana iwe kila wiki, ama mwenyeji awape mahali kaburi lilipo mapema. Bila hivyo meza inagawanyika.

#23 Ramani_Zangu

Mnataka bandari? Ghosts of Saltmarsh, 2019, na iko GREYHAWK. Mji wa wavuvi, magendo, makundi matatu yanayogombea baraza. Visa saba, vya mwanzo vinatosha ngazi 1 hadi 6 kama hesabu ya Fundi. Kisa cha kwanza ni cha 1981 na bado kinachezeka: nyumba ya juu ya mwamba yenye mizimu, na taa inayowaka usiku kuelekea baharini…

#24 LikoniFeri

Asante kwa kutuharibia utamu. Taa, baharini, magendo. Nani hajaelewa?

#25 Ramani_Zangu

Kisa kina zaidi ya miaka 40, siri gani tena.

#26 Jahazi_Kuu

Saltmarsh sawa, ila sheria za bahari za toleo la tano zimeandikwa na watu wasiojua pepo za misimu. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kimeipa meli ya matanga maili 2 kwa saa, usiku na mchana, maili 48 kwa siku, pembesita moja na nusu na ushei. Mwaka mzima hivyohivyo. Hakuna kusi wala kaskazi!

Tiba rahisi. Mwaka wa Greyhawk una miezi 12 ya siku 28 na wiki nne za sikukuu katikati, jumla siku 364. Gawa kwa sikukuu: robo ya kwanza upepo watoka kaskazini, robo ya pili na ya tatu kusini, ya mwisho wageukageuka. Ukienda na upepo, maili 3 kwa saa. Ukiupinga, maili nusu, au ukae bandarini ungoje. Mara moja wachezaji wanaanza kuuliza mwezi gani, na wafanya magendo wanakuwa na ratiba inayoweza kuviziwa. Bei nazo zinapanda pepo zikigeuka.

#27 Mpiga_Kete

Mkipenda kalenda mngetazama ulimwengu wa Glorantha wa Greg Stafford. Misimu mitano, kila mmoja wiki 8 za siku 7, na wiki mbili takatifu mwishoni: siku 294. RuneQuest, mchezo wake, ya 2018 yasema kisa kimoja kwa msimu, muda uliobaki mtu analima na kutimiza wajibu wa ukoo. Vikao viwili kwa kisa, basi vikao 13 vinawapitisha mwaka mzima wa ukoo na zaidi kidogo. Hakuna ulimwengu mwingine hapa unaokupa hilo.

#28 Bi_Ramani

Lakini ni mfumo mwingine, dadu la mia, na dini ndiyo roho yake. Ukiitoa hakuna kilichobaki. Kwa meza ya #14 haifai.

#29 Mpiga_Kete

Kwa meza ya #14 kweli. Kaskazi hajasema meza yake ni ya #14.

#30 Kaskazi_Mvita

Shukran sana, mmenivuruga vizuri. Tutapiga kura kikao cha sifuri: Sharn mtaa mmoja, au Saltmarsh na pepo za Jahazi. Forgotten Realms bado siitaki, hakuna aliyeitetea!

Swali dogo: ramani za vita nichapishe A3? Viraba vya inchi moja.

#31 Changamwe_20

A3 ni milimita 297 kwa 420, kwa hesabu viraba 11 kwa 16. Mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni, kwa hivyo panga 10 kwa 15. Mwambie kijana wa dukani achape *ukubwa halisi*, asilimia 100. Akiacha mashine itoshelezee karatasi yenyewe, viraba vinapungua kidogo na kufikia cha kumi vinyago vya wahusika havikai tena. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

#32 Fundi_wa_Dadu

Na ifunike kwa plastiki. Unyevu wa hapa karatasi inajikunja kama sambusa ndani ya wiki mbili, yaani kikao cha pili tu. Juu ya plastiki waandika kwa kalamu ya ubao mweupe, wafuta.

Na mimi naitetea Forgotten Realms kwa sentensi moja: Phandalin, ya Lost Mine of Phandelver, ni kijiji kimoja, hakihitaji riwaya yoyote, na kisa kinakwisha ngazi ya 5.

#33 Kaskazi_Mvita

Sasa ndio unasema? Kura zilikuwa mbili!

#34 LikoniFeri

Fanyeni tatu. Na viazi karai viliwe KABLA, karatasi ya mhusika yenye mafuta haiandikiki kwa kalamu yoyote.